Pampu ya grisi inayojiendesha kwenye mitambo ya upepo (Lincoln P203): uzoefu wangu

Mimi ni fundi wa mitambo ya upepo huku Kenya, kazi ya kupanda minara, na vijana wanaoingia kwenye hii kazi huniuliza sana kwanini tuhangaike na pampu za grisi zinazojiendesha zenyewe wakati pampu ya mkono ipo na grisi ni ileile. Nimefanya kazi na Lincoln P203 kwenye beringi ya shafti kuu na kwenye beringi za mabawa. Jibu langu, kama bajeti inaruhusu ifungeni, tena msingoje beringi ianze kulia. Ila kuna mambo wauzaji hawakwambii, na hayo ndio nataka kuyaeleza.

Kwanza muelewe hizi beringi zinaishi vipi. Chukulia Vestas V52, ambayo ndio mashine iliyofungwa kule Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, mitambo 365 ya kilowati 850 kila mmoja. Rota yake inazunguka kati ya mara 14 na 31 kwa dakika basi, yaani polepole kabisa, na mzigo wa mabawa wote umelala kwenye shafti. Kwa spidi hiyo utando wa mafuta kati ya chuma na chuma unakuwa mwembamba sana, ndio maana grisi za beringi kuu huwa na mafuta mazito ndani yake, gredi ya 460 (namba ya kupima uzito wa mafuta, ikiwa kubwa mafuta ni mazito) ni ya kawaida sana, wakati jenereta hapo nyuma inazunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika na inataka grisi yake nyingine yenye mafuta mepesi. Sasa ukipaka kwa mkono unapanda kila baada ya miezi sita hivi, unasimamisha mtambo, unashindilia grisi nyingi kwa mkupuo mmoja, nyingine inasukumwa nje hapohapo kwenye sili, ule mpira wa kuzuia grisi isivuje, alafu beringi inakaa miezi bila kupata kitu. Pampu inatoa kidogokidogo kila siku mtambo ukiwa unazunguka, kwahiyo grisi mpya inaingia na kusambaa yenyewe na ile iliyochoka inasukumwa polepole itoke. Faida ni hiyo tu na ni kubwa mno.

Kwenye mabawa ndio utaona tofauti zaidi. Beringi ya bawa haizunguki mzunguko mzima, inacheza nyuzi chache tu mbele nyuma, na sehemu kama Marsabit upepo ni mkali na unatoka upande uleule mwaka mzima, kwahiyo gololi zinatikisika palepale siku nzima mpaka grisi inasogea pembeni na chuma kinaanza kula chuma. Ukitaka kujua kama imeanza, futa grisi inayotoka kwenye sili kwa kitambaa cheupe uipeleke kwenye mwanga. Nyeusi kidogo ni kawaida. Ikiwa na wekundu wa kutu, na ukiisugua kati ya vidole unasikia chengachenga, hapo vishimo vimeshaanza kuchimbika kwenye njia ya gololi na hakuna grisi ya dunia hii itakayovifukia. Na pampu peke yake haitoshi hapa, lazima bawa lizungushwe mwendo wake wote mara kwa mara, siku za upepo mdogo, ndio grisi ifike pale gololi zinapokaa. Kama mtambo wenu haufanyi hivyo wenyewe, ombeni watu wa programu wauwekee.

P203 yenyewe ipo ya volti 12 na ya volti 24, tenki lake unachagua lita 2, 4, 8 au 15, inabeba mpaka pistoni tatu za kusukuma na inahimili shinikizo la baa 350. Grisi ikitoka inaenda kwenye kigawanyaji, kipande cha chuma chenye pistoni ndogondogo zinazopokezana, hii haisogei mpaka ile ya kabla yake imalize kazi. Mimi nakipenda sana hicho kigawanyaji maana njia moja tu ikiziba zote zinasimama, shinikizo linapanda na grisi inatokea kwenye vavu ya usalama pale kwenye pampu. Kwahiyo ukipanda ukakuta grisi imening'inia kwenye vavu, huna haja ya kubahatisha, kuna njia imeziba huko mbele, fungua moja moja uitafute. Na kama kigawanyaji kina ile pini ya kuonyesha mwendo, bonyeza kitufe cha pampu sekunde chache ianze mzunguko wa ziada, kaa uiangalie pini ikitoka na kurudi. Dakika chache tu hizo lakini wengi hawafanyi, wanaangalia tenki limepungua basi wanasema mzima.

Malalamiko sasa. Kuna muuzaji mmoja alituletea grisi tofauti na iliyokuwemo akasema ni sawasawa tu zote za beringi. Si sawa hata kidogo! Iliyokuwemo ilikuwa ya lithiamu komplex na ile yake ya poliurea, yaani vile vitu vinavyoshika mafuta yawe grisi, na hizi mbili kwa kawaida hazipatani. Tulipofungua tenki mafuta yalikuwa yamejitenga yanaelea juu, na ndani ya kigawanyaji kumebaki kitu kigumu kama sabuni iliyokauka. Iliniuma sana maana pampu haikuwa na kosa lolote na bado watu wakasema pampu ni mbovu. Nyie someni karatasi ya grisi, mkitaka kubadilisha aina fungueni mipira yote ya kupitishia grisi msafishe kwanza.

Kingine ni vumbi. Msijaze tenki kwa kufungua kifuniko cha juu na kuchota kwa mbao, jaza kupitia nipeli ya chini, kile kichuchu cha kuingizia grisi, uifute kwanza, maana grisi ikishaingia mchanga inabaki kuwa msasa tu na pampu itaupeleka mchanga huo kwenye beringi kwa uaminifu kila siku. Na pampu inayofungwa kwenye kitovu, pale mabawa yanaposhikiliwa, inazunguka pamoja na rota, juu chini juu chini, kwahiyo lazima tenki liwe na sahani inayosukuma grisi, la sivyo inanyonya hewa. Hewa ikiingia pampu inalia kama kawaida na hakuna kinachofika.

Alafu chupa za grisi chafu jamani. Grisi inaingia, lazima ya zamani itoke, na ikitoka iingie kwenye chupa. Ukikuta chupa zote tupu na tenki limeisha usifurahi, uliza hiyo grisi imeenda wapi, mara nyingi imepita kwenye sili na inaelekea kwenye diski ya breki.

Giaboksi haihusiki na pampu hii, ile ni oili ya sintetiki ya gredi ya 320 kwa kawaida, na kule kazi ni filta, maji yasiingie na sampuli ziende maabara kwa wakati.

Bei ya spea inauma na kuzisubiri kunauma zaidi, kwahiyo agizeni pistoni moja ya akiba na vavu ya usalama mapema. Kwa shamba la mitambo mitatu, kwa ukubwa kama wa Mwenga kule Mufindi, Tanzania, mkono unaweza kutosha kama ratiba inafuatwa kweli. Mkiwa na mitambo mingi na barabara mbovu, fungeni, anzeni na beringi kuu, na chukueni kigawanyaji chenye sensa inayopeleka alamu mpaka ofisini, na sensa ya tenki likikaribia kuisha. Wenye duka watawaambia sensa ni hiari, lakini mtambo ulioachwa peke yake mlimani bila sensa hauna mtu wa kuwaambia kwamba grisi imekata.