TAHADHARI: Leseni ya PE ya Marekani haiuzwi

Wahandisi mnaoifukuzia leseni ya PE (Professional Engineer, yaani mhandisi mwenye leseni) ya Marekani, kaeni macho na mawakala wanaoahidi kuwapatia bila mtihani, ndani ya wiki chache. Ukishalipa unatumiwa PDF yenye picha ya ndege tai na neno "Marekani" kwa herufi kubwa. Shtuka hapo hapo. Serikali kuu ya Marekani haitoi leseni ya PE. Kila jimbo lina sheria na bodi yake, na wa kwanza kutunga sheria hiyo walikuwa Wyoming, mwaka 1907. Cheti kisichotaja jimbo ni karatasi tu.

Kikitaja jimbo, bado hakiki. Tafuta mwenyewe tovuti ya bodi ya jimbo hilo, usibonyeze linki ya muuzaji, kisha uandike namba ya leseni. Matapeli huazima namba ya mhandisi halisi, kwa hiyo namba kuonekana hakutoshi: angalia inasoma jina la nani.

Njia yenyewe kwa kawaida ni digrii inayokubalika, mtihani wa FE (Fundamentals of Engineering, wa misingi ya uhandisi), miaka 4 ya kazi chini ya PE, na mtihani wa PE. Mitihani yote miwili ni ya NCEES (baraza la bodi za leseni za majimbo), inafanyika kwenye kompyuta katika vituo vya Pearson VUE. FE ina maswali 110. Anayedai atakufanyia mtihani anakudanganya: kituoni wanataka kitambulisho, wanapiga picha, wanaskani mishipa ya kiganja. Na yule anayeuza "kitabu cha siri cha fomula" anakuuzia mwongozo ambao NCEES inautoa bure ukifungua akaunti. Ujanja mwingine: majimbo kadhaa yanaruhusu kufanya mtihani wa PE kabla miaka 4 haijatimia, basi wakala anakwambia ukifaulu tayari wewe ni PE. Siyo. Leseni haitoki mpaka uzoefu ukamilike.

Kwa wenye digrii za nje ya Marekani, bodi nyingi hutaka tathmini ya vyeti. Ukiipitisha NCEES, chuo chenyewe ndicho kinachotuma matokeo yako ya masomo moja kwa moja. Wakala anayesema "nitumie mimi nitawafikishia" hana anachofikisha, ila kopi za vyeti na pasipoti yako zimeshabaki kwake.

Kinachoumiza kuliko vyote ni barua za uzoefu za kununua. Ukifungua rekodi ya NCEES (faili la sifa zako la kutumwa kwa bodi) unahitaji wadhamini 5, watatu kati yao wawe PE, na wao huulizwa wenyewe kuhusu kazi yako. PE wa kukodi hawezi kueleza ulipiga hesabu za boriti gani wala ulisimamiwa na nani. Bodi ikigundua uongo inakunyima leseni, na haiishii hapo: fomu za majimbo mengine huuliza kama umewahi kukataliwa. Pesa utazipata tena; kulijibu swali hilo kila unapoomba ni shughuli nyingine kabisa.

Umeshalipa? Piga simu benki leo hii uzuie malipo, badilisha nywila ya akaunti ya NCEES kama uliwapa, hifadhi meseji na risiti zote, kisha uripoti kwa bodi ya jimbo lililotajwa kwenye cheti. Kama walishawasilisha chochote kwa jina lako, iandikie bodi wewe mwenyewe kabla haijakuuliza.