Gamla Stan, Stockholm: chakula kitamu, pesa yangu wameikataa

Nisiwafiche, nilitaka kutoa nyota moja niende zangu kulala. Mdogo wangu anayeishi Uppsala ndiye aliyenizuia: "Dada, na chakula nacho ukiseme, usiandike hasira tupu." Haya, nasema vyote.

Jina la mgahawa silitaji. Uko Gamla Stan, mji mkongwe, kwenye kichochoro cha mawe kinachotokea Stortorget, pale kwenye zile nyumba nyekundu na za njano ambazo kila mgeni lazima apigie picha. Ni majira yale ambayo saa tisa alasiri jua limeshazama. Nilikuwa natoka kuiangalia Vasa, meli iliyozama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza kabisa, hata haijatoka nje ya Stockholm, wakaja kuiopoa mwaka 1961. Makumbusho hayo sina la kulalamikia, nendeni. Ila ukitoka pale miguu inawaka moto na tumbo linadai haki yake.

Niliagiza köttbullar, vile vidonge vyao vya nyama, na viazi vya kuponda, mchuzi wa krimu, matango ya siki na matunda mekundu ya lingon yaliyosongwa na sukari. Nyama na kitu kama jamu, jamani! Tonge la kwanza nililila kwa mashaka. La pili nikanyamaza. Ule uchachu wa lingon unakata mafuta ya mchuzi, kisha viazi vinapoza kila kitu. Nilifuta sahani kwa mkate mpaka ikang'aa, na mkate wenyewe wanaleta pamoja na siagi bila kukudai, maji ya bomba bure. Kama ningeondoka dakika ile ningeandika nyota tano.

Ikaja bili, zaidi kidogo ya kronor 200, pesa ya Sweden. Kadi yangu, iliyonifungulia geti la treni ya chini ya ardhi asubuhi bila neno, ikakataa. Tukajaribu tena, ikakataa. Sikushtuka. Nilikuwa na pesa taslimu, noti safi nilizobadilisha kabla ya kusafiri. Nikaweka mezani ya 200 yenye sura ya Ingmar Bergman na ya 100 yenye Greta Garbo, nikamwambia kijana aliyenihudumia chenji abaki nayo.

Akaisukuma noti kwa ncha ya kidole kama mtu anayeondoa mfupa wa samaki kwenye kitambaa cha meza. "Hatupokei." Nikamuuliza, hampokei kronor, hapa Stockholm? Akanionyesha kibandiko mlangoni, kidogo kuliko kiganja, cha Kiswidi. Kisheria wanaruhusiwa kukataa wakishatangaza, sawa. Lakini huu ndio mji uliotoa noti za kwanza Ulaya, mwaka 1661! Akasema basi nilipe kwa Swish, malipo yao ya simu. Swish inataka akaunti ya benki ya Sweden. Mgeni ataitoa wapi?

Wala msiniambie sisi tuko nyuma. Dar mama ntilie ana Lipa Namba imebandikwa kwenye ndoo, na noti yako iliyochakaa anaipokea vilevile, atakachokulalamikia ni chenji tu. Hakuachi ukasimama mbele ya watu kama mwizi.

Maana hapo ndipo walipoharibu kabisa. Akaja msimamizi, hakunisalimia, hakuuliza chakula kilikuwaje, akaninyooshea mkono: pasipoti ibaki kaunta, mimi nikatafute namna ya kulipa. Pasipoti! Kwa sahani ya nyama ambayo pesa yake iko mezani anaiona kwa macho yake! Watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa na maneno mengi ya Kiswahili siku hiyo, nikayameza.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa meza ya pembeni, mwenye kofia ya sufu. Akanyanyuka taratibu, akaweka kadi yake kwenye mashine, akachukua noti zangu, akahesabu na kunirudishia kilichozidi, sarafu kwa sarafu. Kisha akamgeukia msimamizi akamwambia jambo kwa Kiswidi, jambo refu, na yule baba uso ukamwiva. Mimi akaniambia kwa Kiingereza kwamba hata sadaka kanisani kwake sasa wanataka watoe kwa simu, na yeye noti anazitaka, nisione haya. Kumbe wenyeji nao wanaungua. Aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa nchi nzima, Björn Eriksson, amepiga kelele miaka mingi kutetea pesa taslimu, wazee wakiwa nyuma yake.

Msimamizi hakusema pole. Alisema "karibu tena".

Kwa hiyo sijui. Mkienda Stockholm kuleni köttbullar, msikose. Chukueni kadi mbili za benki tofauti, na noti badilisheni kidogo sana, maana hata basi halizitaki. Na huyo mpishi kama anasoma, mama au baba, mikono yako ibarikiwe, toka hapo ufungue pako. Nilikuwa nimeweka nyota tatu. Nimekumbuka ule mkono ulionyooshwa kudai pasipoti, nimerudi kupunguza. Ni mbili, na zote ni za jikoni.