Stack Overflow: mlango usiotaka hodi

Tovuti hii naipa nyota nne kati ya tano.

Mimi ni mhasibu wa SACCOS moja mkoani Shinyanga. Kuandika programu nimejifundisha ukubwani, usiku, kwa bando langu mwenyewe. Mwaka 2019 nilitengeneza mfumo mdogo wa kusajili wanachama kwa PHP, lugha ya kuandikia programu, na MySQL, ghala la kutunzia taarifa. Mwajuma akaingia, Masanja akaingia. Akija Ng'wandu, mfumo unagoma: kosa namba 1064. Ng'washi naye vilevile. Sasa Shinyanga ukiwakataa wenye majina hayo, utabaki na wanachama gani?

Nilizoea kuuliza kwenye kundi letu la WhatsApp la mafundi. Unaanza na "Habari za asubuhi wakuu", zinamiminika salamu kumi na tano, ndipo unaandika "kuna anayejua PHP humu?" Watatu wanaitikia: lete shida. Ukishaileta, mmoja kapanda daladala, mwingine katuma tangazo la kuuza laptop. Ustaarabu tele, jibu hakuna.

Ndipo nikaenda Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Kuuliza ni bure. Nilikwenda na adabu zangu za kundini. Kichwa cha swali, kwa Kiingereza cha kuungaunga: naomba msaada wa haraka. Nikasalimu, nikajitambulisha, nikaomba radhi kwa usumbufu, kisha nikabandika picha ya skrini niliyoipiga kwa simu, mng'ao wa taa umefunika nusu ya maandishi. Haukupita muda salamu zangu zikawa zimefutwa, swali limepata kura hasi tatu, na chini yake kuna agizo: weka programu yenyewe kwa maandishi, ipunguze ibaki sehemu inayokosea tu.

Nilinuna siku mbili. Kwetu anayeingia na shida mdomoni bila kubisha hodi tunasema hakulelewa. Lakini hebu fikiri, salamu ile ilikuwa ya nani? Swali linakaa pale miaka, na watakaolifikia ni watu wenye kosa lilelile, saa nane za usiku, macho mekundu. Hawana haja ya kujua niliamkaje. Wanataka kichwa kinachotaja tatizo, ujumbe wa kosa ulionakiliwa herufi kwa herufi, na nilichokwisha kujaribu. Picha yangu isingewafaa kitu. Hata kuitafuta wasingeweza.

Basi nikakaa kupunguza. Mistari 300 ikawa 40, ikawa 9. Nikaingiza Juma, akapita. Nikaingiza J'uma, akagoma. Ritifaa, kile kialama cha juu kwenye Ng'! Majina nilikuwa nayafungia ndani ya alama hiyohiyo, kwa hiyo MySQL ikiona Ng' inadhani jina limeishia hapo, na "wandu" inaisoma kama amri isiyoeleweka. Nusu ya swali nilikuwa nimeshajijibu, na sijauliza mtu.

Nusu ya pili nikaipeleka na mistari yangu tisa, bila habari za asubuhi. Likafungwa: swali la marudio. Damu ikaanza kunichemka, mpaka nilipobofya kiungo walichoniachia. Ni swali la zamani la namna ya kuzuia SQL injection, yaani mtu kupenyeza amri zake kwenye ghala la taarifa, katika PHP, na dawa iko palepale: amri itangulie peke yake, mahali pa jina pakae alama ya kuuliza, jina lifuate baadaye. Kumbe tundu lile lilikuwa pia la mwizi. Mtu angeweza kuandika amri yake kwenye nafasi ya jina na ikatekelezwa kwenye daftari la akiba za watu. Ng'wandu alitufaa bila kujua.

Nyota niliyoizuia ni ya lugha. Wana tovuti za Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani. Ya Kiswahili hakuna, na ninao vijana hapa wanaoandika programu safi lakini Kiingereza kinawakwama kooni.

Shukrani nazo kule haziandikwi. Jibu likikufaa unabofya tiki, ikawa ya kijani, aliyejibu akapata pointi 15, yameisha. Vidole bado vinaniwasha. Kundi la WhatsApp sijatoka. Kila asubuhi naingia kusalimia wakuu.