Foronya za nyuma ya Mkunguni: kitambaa safi, rangi ndo mtihani

Haya, nyie mnaoniuliza foronya za barazani kwangu nimetoa wapi, ni kile kiduka kwenye kichochoro cha nyuma ya Mkunguni, Lamu, jina silitaji kwa sababu nna lalamiko. Nlienda kutafuta kikoi cha mume wangu nkatoka na foronya nne, 1,800 kila moja. Ghali, ndio. Nyeusi na nyeupe na rangi ya mchanga, vijistari vinakatika vinaungana tena, hakuna ua hata moja.

Ukutani dada wa dukani kabandika picha ya mama wa kizungu. Nkamuuliza, mamako mkwe huyo? Akacheka, akanambia ni Anni Albers, mzaliwa wa Berlin 1899, ndo anayemfuata kwa michoro. 1922 aliingia Bauhaus, chuo cha usanii Ujerumani, akitaka karakana ya vioo, lakini wanawake walikuwa wakisukumiwa kwenye ufumaji, akaenda shingo upande. Mwaka 1930 akatoka na kitambaa cha ukutani, pamba na selofani, ile ile ya kufungia zawadi, nyuma kinameza kelele na mbele kinaakisi mwanga! Bauhaus ikafungwa 1933 enzi za Wanazi, akahamia Marekani, na 1949 MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ikamfanyia maonyesho ya peke yake, pale kabla yake hakuna mfumaji aliyepata. Kitabu chake cha ufumaji cha 1965 kawatunukia wafumaji wa kale wa Peru, anawaita walimu wake. Hapo nlimkumbuka bibi yangu na ukili wake, anahesabu miyaa kwa midomo tu, ukimsemesha anakupiga jicho.

Dada akaigeuza foronya ndani nje nione: mtande mweusi, zile nyuzi za urefu, mshindio mweupe, zile za kukatiza, hakuna uzi unaoning'inia, na tamvua kazisokota kwa mkono. Kwa hilo nampa zote tano.

Sasa lalamiko. Nyeusi inachuja! Nlifua pamoja na kanzu ya Ijumaa ya mume wangu ikatoka kijivu, na hakuna aliyenambia zifuliwe peke yake. Nlirudi, foronya moja kanibadilishia, kanzu nkaambiwa "pole mamangu". Nyota nne basi.

M-Pesa anapokea, ila adhuhuri anafunga mpaka alasiri. Nimeagiza mto mrefu, siku ya kumi leo, nikipiga simu najibiwa "uko kitandani". Kitanda cha mfumi lakini, maana mume wangu keshaniuliza ni nani huyo aliyeko kitandani.