Coup: Kadi mbili, sarafu chache na uongo unaopita mbele ya macho

Katika bao, kete zote ziko wazi, na anayefungwa hufungwa kwa sababu mwenzake alihesabu mbali zaidi. Coup, mchezo wa kadi uliobuniwa na Rikki Tahta na kutolewa mwaka 2012, umesimama upande mwingine kabisa: kinachofichwa ni kadi mbili tu kwa kila mchezaji, lakini mchezo mzima unategemea yale ambayo kila mmoja anadai kuhusu kadi hizo. Tumeucheza nyumbani kwa miezi kadhaa, mara nyingi tukiwa watano baada ya chakula cha usiku, na kwangu ndio mchezo bora wa hila niliopata kuuleta mezani, ingawa una kasoro ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua kabla hajatoa fedha zake.

Boksi lina kadi 15 za wahusika watano, kila mhusika akiwa na kadi tatu, pamoja na sarafu. Majina ya kadi nayataja hapa kama tunavyoyasema wenyewe. Kila mchezaji huanza na kadi mbili zilizofunikwa na sarafu mbili, na zamu yake ikifika anaweza kuchukua sarafu moja bila kuulizwa na mtu, au akajitangaza kuwa mhusika fulani na kutumia uwezo wake: Duke hukusanya kodi ya sarafu tatu, Nahodha humnyang'anya mwenzake sarafu mbili, Balozi hubadilisha kadi zake na zile za fungu la katikati, na Muuaji hulipa sarafu tatu ili mpinzani apoteze kadi. Contessa yeye kazi yake ni kumzuia Muuaji. Mwenye sarafu saba anaweza kuzilipa na kufanya mapinduzi, yaani mpinzani anayemchagua apoteze kadi, nayo hayazuiliki. Akianza zamu akiwa na kumi au zaidi, analazimika kuyafanya. Atakayesalia na kadi wenzake wote wakiwa wameishiwa ndiye mshindi.

Hakuna sheria inayomtaka mchezaji awe na kadi anayoitaja. Yeyote mezani anaweza kumpinga, na hapo kadi ndiyo inayoamua: aliyedanganya hupoteza kadi moja, lakini aliyesema kweli huionyesha kadi yake, akairudisha kwenye fungu na kuvuta nyingine, na anayepoteza ni yule aliyempinga. Kwa mtu mwenye kadi mbili tu, kosa moja ni nusu ya uhai wake. Zaidi ya hayo, hasara ya kupinga kimakosa huibeba mtu mmoja, ilhali faida ya kumnasa mwongo huwafikia wote. Kwa hiyo kila mmoja humngoja mwenzake ajitolee, na katika kungojana huko uongo hupita.

Usiku mmoja mama mdogo alisema "Nachukua kodi" kwa macho makavu, akavuta sarafu tatu na kuzipanga moja juu ya nyingine bila haraka. Zamu iliyofuata akarudia maneno yaleyale, akafikisha sarafu nane. Mimi nilikuwa na Duke wawili mkononi, hivyo amebaki mmoja tu kati ya kadi 13 nisizoziona, na uwezekano wa kwamba anaye yeye ulikuwa kama asilimia 15. Asiyeona kadi yoyote angekadiria asilimia 37 hivi. Hesabu yote ilikuwa upande wangu, nami nikanyamaza, nikimtazama kaka yangu kwa matumaini kwamba yeye ndiye atakayepinga. Zamu ya tatu mama mdogo akatoa sarafu saba na kunipindua. Mwishoni alipofunua kadi zake, zilikuwa Balozi na Contessa.

Kilele cha mchezo, hata hivyo, ni pale Muuaji anapomwelekea mtu na mtu huyo akajibu kwamba ana Contessa. Akipingwa na ikabainika kuwa hana, hupoteza kadi moja kwa uongo wake na nyingine kwa mauaji ambayo sasa hayana kizuizi, akatoka mchezoni kwa pigo moja. Nimeona meza nzima ikinyamaza kusubiri jibu hilo, watu wakimtazama mtuhumiwa vidole badala ya uso.

Kasoro kubwa ni hiyohiyo ya kutolewa mapema, kwa maana aliyetolewa hukaa akitazama hadi raundi iishe. Kwetu hilo limevumilika kwa kuwa raundi moja huchukua kama dakika 15. Mkiwa wawili mchezo hupwaya, kwani hakuna wa kungojana naye. Nashauri muwe wanne hadi sita, ambao ndio ukomo wa boksi hili, na wenye familia kubwa wanaweza kuongeza kifurushi cha Reformation kinachofikisha wachezaji 10. Asiyesoma Kiingereza atahitaji kuelezwa uwezo wa kila mhusika mara mbili tatu kabla ya kuzoea, jambo ambalo shangazi yangu alilimudu ndani ya jioni moja.

Pamoja na mchezo nunua vifuko vya plastiki vya kuvalisha kadi. Nahodha wetu mmoja alikunjika pembe mwezi wa kwanza, na kuanzia hapo kila aliyemshika alijulikana kabla hajafungua mdomo, hadi tulipozivalisha kadi zote 15.