Kuchagua Skidi Stia kwa Shamba la Ng'ombe wa Maziwa

Skidi stia, ile mashine fupi ya kupakia ambayo mafundi wengi huiita Bobcat hata ikiwa imetoka kiwanda kingine, ilizaliwa shambani. Mwaka 1957, ndugu wawili, Cyril na Louis Keller wa Rothsay, Minnesota, nchini Marekani, walimtengenezea mfugaji wa batamzinga mashine ndogo ya kuzolea samadi ndani ya mabanda yaliyobana. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoifaa hadi leo. Ndiyo maana namshauri mnunuzi asianze na nguvu ya injini, ambayo wauzaji hupenda kuitaja kwanza, bali aanze na uzito atakaoubeba na kimo anachotaka kuufikisha.

Uzito salama wa kubeba umeandikwa katika kitabu cha mashine. Kwa mashine za magurudumu, kwa kawaida ni nusu ya mzigo unaotosha kuipindua kwa mbele. Kwa zile za minyororo, yaani zinazotembea kwa mikanda mipana badala ya magurudumu, ni asilimia 35. Samadi mbichi inakaribia uzito wa maji, hivyo kijiko cha mita za ujazo 0.4 kikijaa hubeba takriban kilo 400. Robota la silaji, yaani majani yaliyovundikwa kuwa chakula cha mifugo, lenye kipenyo cha mita 1.2 laweza kuzidi kilo 600, na uma wa kulibebea ukiwa mzito kuliko kijiko, tofauti hiyo nayo ihesabiwe.

Kwa shamba linalolisha kwa silaji, naiweka nafasi ya kwanza mashine ya magurudumu ya ukubwa wa kati, inayobeba kilo 800 hadi 900, ambayo mikono yake ya kuinulia kijiko hupanda karibu wima. Kijiko chake kikifika juu bado kimesogea mbele vya kutosha kumwaga katikati ya tela au mashine ya kuchanganyia chakula, badala ya kumwaga ukingoni.

Nafasi ya pili ni ile ambayo mikono yake hupanda kwa tao. Hii hufika mbali zaidi ikiwa katikati ya kimo chake, ina pini chache za kupaka grisi, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Mfugaji ambaye kazi yake ni kukwangua sakafu, kusukuma samadi na kuchimba ainunue hii bila kusita.

Ya minyororo ni ya tatu. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi, wakati wa masika, itapita pale ambapo magurudumu yatazama. Lakini minyororo ya mpira ni ghali na huliwa haraka na sakafu ya zege, ambayo ndiyo sakafu ya banda la maziwa.

Kama kazi zimetawanyika mashambani, mbali na banda, usinunue skidi stia yoyote. Funga kijiko cha mbele kwenye trekta. Skidi stia hugeuka kwa upande mmoja kwenda kasi kuliko mwingine huku magurudumu yakiburuzwa, na malisho hung'olewa kila inapokata kona.

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, na hapa nasisitiza jambo la mafuta. Injini mpya zenye kichujio cha masizi zimeundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, ilhali kiwango kilichoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 2015 kiliruhusu hadi 50. Kichujio kikiziba, mashine hupungua nguvu au husimama, kwa hiyo mashine ya zamani kidogo isiyo na kichujio hicho ni chaguo bora kwetu.

Siku ya kuikagua, iwashwe injini ikiwa baridi. Weka kijiko chini, kisha inua mbele ya mashine kidogo kwa kukikandamiza na ukishushe tena, huku mtu aliyesimama kando akitazama pini za viungo vya mikono na bushi zinazozishika: zikicheza kwa kuonekana kwa macho, dai punguzo. Tazama majeki ya haidroliki kama yanavuja. Mwisho, ukiwa umekaa kitini, nyanyua kizuizi cha usalama, kile chuma kinachoshushwa mbele ya dereva. Mikono na magurudumu lazima vigome kutembea. Iwapo mwenye mashine amekifunga kwa waya ili isizimike, usiilipie mpaka kirekebishwe, kwa sababu dereva anayeinuka kitini mikono ikiwa juu anaweza kupondwa nayo.