Nyumba isiyo na kitu chake: uzoefu wangu Haus der Kunst, Munich

Mara yangu ya kwanza kulipa nauli ya treni kwenda kutazama maonyesho ya sanaa Ujerumani, niliishia kutazama ngazi. Ngazi, ndoo za rangi, na vijana wawili wa ovaroli wakipaka rangi nyeupe juu ya ukuta mweupe. Mji siutaji. Dada wa mapokezi aliniambia kwa upole kwamba maonyesho yaliyopita yameondoka juzi na mengine yatafunguliwa baada ya wiki tatu. Nikamwuliza, sawa, basi nionyeshe vitu vyenu vya kila siku. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya hewa. "Hatuna," akasema.

Nilidhani ananifukuza, kumbe alikuwa anasema kweli. Nyumba za namna hiyo Wajerumani wanaziita Kunsthalle, yaani ukumbi wa sanaa, na nyingi hazina hata picha moja iliyo mali yao. Kila kinachoning'inia pale kimeazimwa, na siku ikifika kinarudi kwa mwenyewe. Sisi tunaijua vizuri tofauti ya nyumba ya mtu na ukumbi. Ukumbini Jumamosi ni harusi, Jumapili ni mkutano wa ushirika, Jumatatu viti vimerundikwa pembeni na mlinzi anasinzia. Ukienda Jumatatu usimlaumu mpishi.

Sasa, baada ya miaka tisa ya kuishi Munich nikifanya kazi ya kutunza wazee, nyumba niliyoiingia kuliko zote ni Haus der Kunst, ile ndefu ya nguzo iliyo mwanzoni mwa bustani ya Englischer Garten. Nayo haina mkusanyo wake wa kudumu. Naandika kwa ajili ya ndugu wanaokuja huku kutembea na kuniuliza kama inafaa kuipangia nusu siku.

Jina kwanza, maana majina ya nyumba hizi yanapoteza watu. Ukifika Hamburg, kuna Hamburger Kunsthalle, ukumbi kwa jina tu. Ndani ina hazina kubwa ya picha zake yenyewe. Kunsthaus ya Zürich, Uswisi, nayo ina vyake. Lakini Kunsthalle Basel iliyofunguliwa mwaka 1872 haina, Kunsthalle Bern ya mwaka 1918 haina, na Haus der Kunst, ambayo jina lake ni "nyumba ya sanaa" basi, haina. Kwa hiyo usisome bango la mlangoni, soma kalenda yao.

Jengo lenyewe lina kisa kizito. Hitler aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1933, na likafunguliwa Julai 1937 kwa maonyesho ya sanaa iliyompendeza yeye na serikali yake. Kesho yake, mwendo wa dakika chache kutoka hapo, wakafungua maonyesho mengine ya picha walizozinyang'anya kwenye makumbusho, ili watu waje wazicheke. Watu walimiminika huko kwenye za kuchekwa kuliko kwenye zile za kusifiwa. Nguzo za mbele wenyeji walizikejeli kwa kuzifananisha na soseji nyeupe za mji huu, na ukizitazama ukiwa na njaa huwezi kubisha. Ukiinua macho chini ya ule ubaraza utaona vigae vyekundu vimepangwa kwa nakshi ya swastika. Viko mpaka leo. Mimi mara ya kwanza nilipita bila kuviona; aliyenionyesha ni bibi mmoja ninayemhudumia, aliyewahi kupelekwa pale na shule akiwa mtoto.

Baada ya vita Wamarekani waliligeuza klabu ya maofisa wao. Mwaka 1955 kuta zilezile zikabeba kazi za Picasso, ikiwemo Guernica, ile picha yake kubwa ya kulaani vita. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kumkataa mchoraji wa aina ile ikamtandikia jamvi. Nadhani ingekuwa na stoo iliyojaa zile picha za mwaka 1937, ingekuwa bado inahangaika nazo: izitundike, izifiche, izieleze vipi. Ukumbi unabadilisha mgeni, maisha yanaendelea. Kwa miaka mingi upande mmoja wa jengo ulikaliwa na mkusanyo wa sanaa ya kisasa wa jimbo la Bavaria, lakini nao ulikuwa mpangaji tu; ulihamia kwenye jumba lake jipya, Pinakothek der Moderne, mwaka 2002.

Niache historia nije kwa shemeji.

Masika ya mwaka 2019 shemeji yangu, mume wa dada, alikuja kututembelea kutoka Muheza. Ana grosari kule, na ni mtu wa kupenda vitu vya kale: sarafu, redio za mbao, saa mbovu. Nikamwambia nampeleka nyumba ya sanaa. Tukiwa kwenye basi akauliza, "Shemeji, hiyo nyumba ina nini?" Nikamjibu haina kitu. Akanyamaza vituo viwili, kisha akasema, "Na tunalipa kiingilio?"

Tulipoteremka, jengo lilikuwa limevishwa. Upande wa mbele, kwa urefu wa mita 110, El Anatsui, msanii wa Ghana aliyefundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria, alikuwa ametundika mabamba ya alumini yaliyokwisha kutumika kwenye kiwanda cha uchapaji. Zile nguzo ngumu zilikuwa zimefunikwa na kitu kinachomeremeta na kubadilika rangi kila wingu linapopita. Ndani ndiko shemeji alikoanza kuongea peke yake. Vitambaa vikubwa mno, vimeanguka kwa mikunjo kama mapazia ya jumba la sultani, na ukisogea unaona ni vizibo na vifuniko vya chupa za pombe, maelfu kwa maelfu, vimepondwa na kuunganishwa kwa waya wa shaba. Majina ya pombe bado yanasomeka. Shemeji alisimama pale mikono nyuma. "Miaka kumi na nne," akasema. "Miaka kumi na nne nimekuwa nikifagia mali."

Aliyeongoza nyumba hiyo kuanzia mwaka 2011 hadi 2018 alikuwa Mnigeria, Okwui Enwezor, na maonyesho hayo ya El Anatsui aliyaandaa pamoja na mwanahistoria wa sanaa Chika Okeke-Agulu. Yalifunguliwa Machi 8, 2019. Enwezor alifariki wiki moja baadaye, humuhumu Munich, akiwa na miaka 55. Sisi tuliingia mwezi wa tano. Nilimweleza shemeji habari hiyo tukiwa tumekaa kwenye ngazi nyuma ya jengo, naye akataka kujua kama marehemu aliyaona yamekamilika. Sikuwa na jibu.

Kabla ya kutoka aliniuliza tena swali lake. "Sasa vitu vyao wenyewe viko wapi?" Nikarudia kwamba hawana, hivi vyote vina wenyewe. Akatikisa kichwa. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, shemeji." Tukabishana hadi nyumbani. Yeye anaona taasisi isiyo na mali ni kama mganga asiye na mkoba. Mimi naona kuazima ni kazi yenye ufundi wake. Mtu anayekuazima picha ya thamani anataka kujua joto na unyevu wa chumba chako, anataka bima ya kile Wajerumani wanachokiita "kutoka msumari hadi msumari", yaani tangu picha inaposhushwa ukutani kwake mpaka inaporudi kwenye ukuta uleule. Mara nyingi anamtuma mtu asafiri na kasha, ashuhudie likifunguliwa, aandike kila mkwaruzo. Na jukumu ni la kweli: mwaka 2012 wezi waliingia Kunsthal ya Rotterdam, nyumba nyingine isiyo na mkusanyo wake, wakaondoka na picha saba, za Picasso, Monet, Matisse na wengine. Zote zilikuwa za watu. Kuibiwa cha kwako ni hasara, kuibiwa cha jirani ni hasara na aibu.

Ila kuna upande ambao shemeji alikuwa na haki, nami niliugundua mwaka uliofuata.

Oktoba 2020 niliingia tena, peke yangu, barakoa usoni, mtu mmoja mmoja kwa umbali. Safari hii maonyesho yalikuwa ya mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi. Huyu hachori kwenye turubai. Anachora kwenye lubugo, kile kitambaa cha magome ya mti wa mutuba ambacho Waganda wamekitengeneza tangu enzi na enzi, na ambacho hutumika pia kuzikia. Nimesoma kwamba alikiona kwanza kwenye soko la watalii Nairobi, kimekatwakatwa kikiuzwa kama vitu vya kuwekea glasi. Kitambaa hicho kina matundu na mishono, naye hafichi. Rangi inapita juu ya kovu, mshono unakatiza uso wa mtu. Baadhi ya picha zilitokana na uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2017, watu wamejaa juu ya mti wakisikiliza mkutano. Nilisimama mbele ya ule mti nikasikia spika za gari la kampeni. Nilikuwa sijasikia sauti hiyo kwa miaka, na haikuwepo.

Halafu kikafuata chumba ambacho hakuna aliyeniandaa kwa ajili yake. Armitage alikuwa amewaleta wakubwa zake wa Afrika Mashariki: Jak Katarikawe na ng'ombe wake wa ndotoni, Theresa Musoke, Sane Wadu, Meek Gichugu, na Elimo Njau, Mchaga wa Marangu aliyechora kuta za kanisa la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950 kisha akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi. Mkusanyiko huo wa wachoraji ukajulikana kwa jina la Kiswahili, Mwili, Akili na Roho. Mimi nimesoma Tanga hadi kidato cha nne na hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia hata mmoja wao. Nikaja kutambulishwa kwao Munich, ndani ya jengo la Hitler.

Nikajiambia nitarudi na wenzangu. Tuko Waswahili kama kumi mjini tunaokutana kula pilau. Tukapanga Novemba, kila mtu apate zamu yake vizuri. Siku za mwanzo za Novemba Ujerumani ikafunga makumbusho yote kwa ajili ya korona. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Milango ilipokuja kufunguka maonyesho yalikuwa yameshafungashwa, na kufikia Mei 2021 Armitage na sehemu ya wale wazee wake walikuwa ukutani London. Kwenye jumba lenye mali yake ungesema haidhuru, picha ipo, nitaikuta mwakani. Hapa, ukikosa umekosa. Mwaka mzima nilikuwa nikipita na basi mbele ya zile nguzo nageuza uso.

Kwa hiyo tathmini yangu ni hii. Ukiwa na siku moja tu Munich na hujui nini kinaonyeshwa, nenda Pinakothek, utapata kitu kwa hakika. Ukiwa mkazi, au una siku nne na simu yenye intaneti, fungua kalenda ya Haus der Kunst kabla hujakata tiketi ya ndege. Angalia tarehe ya mwisho, si ya mwanzo, na usiende wiki za katikati, maonyesho makubwa mawili yanapopishana. Nusu ya vyumba inaweza kuwa na ngazi, na ngazi nimeshaziona. Alhamisi huwa wazi hadi saa nne usiku, ndiyo siku yangu nikitoka zamu ya asubuhi. Vyumba ni vikubwa na dari ziko juu sana, kazi ndogo zinaweza kumezwa, kazi kubwa zinapumua. Vaa viatu vya kutembelea. Ukichoka, kando tu ya jengo, chini ya daraja, unapita mto Eisbach, ambao kwa miaka mingi ulikuwa na wimbi ambalo vijana waliteleza juu yake na mbao zao hata wakati wa theluji. Hiyo ilikuwa bure, na shemeji aliisifia kuliko yote, vizibo vikiwa vya pili.

Maelezo ya ukutani, na hili ni kwa kumbi za namna hii kwa jumla, hupenda maneno marefu. Mimi hutazama kwanza, nasoma baadaye, na nikisoma sentensi mara mbili bila kuielewa naiacha na mwenyewe.

Watu huniuliza kama kwetu kuna kitu kama hiki. Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, inakaribia namna hiyo: makontena ya wasanii, ukumbi wa maonyesho, na kinachoonyeshwa leo si kitakachokuwepo ukirudi. Nikiwa likizo sikosi kupita.

Na nunua kitabu cha maonyesho, hata kama bei inauma. Ndicho kinachobaki. Cha Armitage nilikinunua siku ileile ya Oktoba, kizito kama tofali, nikakibeba hadi Muheza likizo ya mwaka 2022 nimwonyeshe shemeji ile kazi ya Mzee Njau. Akakipakata jioni nzima pale grosari, wateja wakijihudumia wenyewe. Akaniomba nimwachie kidogo. Nilimwandikia juzi kumkumbusha. Akanijibu kwamba kiko salama, amekiweka kabatini pamoja na redio, na kwamba asingependa kisafirishwe bila bima.